Alivuta Kamba Wakati Hakuna Wimbi

"Wewe kaka, mbona umevuta? Wimbi liko wapi?"

Aliyeuliza ni Shangazi Lamyai, abiria wangu wa kila asubuhi, muuza soksi wa soko la Pratunam. Mkononi alikuwa na yai la kuchemsha, limemenywa nusu. Aliyeulizwa ni Rewat, mpenzi wangu wa miezi kumi na moja. Na mimi nilikuwa nje ya boti, nimesimama kwenye ukingo mwembamba usiotosha hata unyayo mzima, vidole vyangu vimebanwa na turubai alilolipandisha.

Boti zetu za mfereji wa Saen Saep hazina kuta. Ubavuni kuna turubai la plastiki, na turubai lina kamba. Aliyekaa pembeni ndiye mwenye kamba. Boti nyingine ikitokea mbele, maji yanaruka, basi yeye anavuta, turubai linapanda, na mstari wake mzima unafika kazini ukiwa mkavu. Boti ikishapita analiachia, watu wapate hewa. Hakuna aliyeandika sheria hiyo popote, lakini Bangkok nzima inayopanda boti inaijua. Kuvuta kamba maji yakiwa yametulia ni sawa na kufungua mwavuli sebuleni. Lazima watu wakutazame.

"Nilidhani nimeona boti inakuja," Rewat akajibu, macho yake yako magotini.

Kando yake alikaa mama wa miaka sitini na kitu, nywele zimebanwa vizuri, mkoba mapajani. Sikuhitaji kuambiwa ni nani. Picha yake nilishaiona kwenye simu ya Rewat mara nyingi kuliko za mama yangu mwenyewe. Mwalimu Amphon, mkuu wa shule mstaafu wa Nakhon Sawan, mama yake mzazi. Alikuwa amekuja mjini kwa ajili yangu. Kesho yake, Jumamosi, nilitakiwa kula naye chakula cha mchana kwa mara ya kwanza maishani.

Hebu niwaambie kilichotokea kabla ya turubai kupanda. Nilifika mstari wao nikiwa nakata tiketi, nikamwona Rewat, nikamwona mama, furaha ikanijaa kwa sababu sikujua kama watapanda boti. Mkono mmoja ulikuwa umeshika bomba la paa, mwingine una tiketi, kwa hiyo nisingeweza kukunja viganja kifuani kumsalimu mkubwa inavyotakiwa. Nikainamisha kichwa, na kofia yangu ngumu ikainama nacho. Nilipofungua mdomo nimwamkie, Rewat akavuta kamba.

Sikuanguka. Miaka sita ya kutembea juu ya ukingo ule sijawahi kuanguka majini, na sikuwa na mpango wa kuanza siku hiyo. Nilichomoa vidole, nikalisukuma turubai chini kwa kiwiko mpaka likafika kidevuni pangu.

"Nauli," nikasema.

Akanyoosha mkono bila kuinua uso. "Wawili. Asok."

"Kaka, kamba huvutwa wimbi likija. Ukivuta hovyo unambana kondakta vidole."

"Samahani, dada."

Dada. Miezi kumi na moja ananiita Nipha, akinogewa ananiita Nipha wangu, leo nimekuwa dada, kama kondakta yeyote wa boti yoyote.

Mama yake ndiye aliyenitazama. "Umeumia, mwanangu?"

"Hapana, Mama. Nimezoea."

Nikawakatia tiketi mbili, nikasogea mstari wa nyuma. Mjomba Chalong, dereva wetu, akapiga honi ya kukaribia daraja, paa la boti likashuka ili tupite chini yake, sote tukainama. Nilikaa nimeinama hata baada ya daraja kupita, kwa sababu machozi yalikuwa yameshafika na sikutaka abiria wangu wayaone.

*

Rewat nilimpata kwa sababu ya kamba hiyo hiyo.

Alikuwa mtu wa gari. Kila asubuhi alipoteza saa mbili nzima kwenye barabara ya Ramkhamhaeng, anasogea hatua moja, anasimama, anakula kiamsha kinywa kwenye usukani, na ofisini kwao, kampuni moja ya bima pale Asok, bado anafika amechelewa. Siku moja akaliacha gari nyumbani, akaja gati la Bang Kapi na shati jeupe kama bwana harusi. Akakaa pembeni, mstari wa tatu, upande wa kushoto, ambao ni upande wangu. Boti ya kwanza ilipotokea mbele, watu wote walimtazama yeye. Yeye akatazama mandhari.

Walilowa watu saba. Shangazi Lamyai alimhubiria kuanzia hapo mpaka Thong Lo bila kupumzika, akimweleza kuhusu kamba, kuhusu heshima, na kuhusu hali ya soksi alizobeba. Nilimhurumia. Nikamfundisha: usiangalie boti, sikiliza injini yake. Ukisikia sauti inakuja juu, vuta. Ikishapita, hesabu mpaka tatu, achia.

Alijifunza haraka. Baada ya mwezi alikuwa mshika kamba hodari kuliko wote wa asubuhi. Akajifunza na mengine ya wasafiri wetu: viatu vya ofisini kwenye mfuko wa plastiki, kandambili miguuni, leso yenye mafuta ya mnanaa puani pale mfereji unaponuka, na kulala ukiwa umekaa wima bila kupitiliza gati lako.

Tatizo ni kwamba yeye alianza kupitiliza akiwa macho.

"Unashuka wapi?" nilimuuliza asubuhi moja.

"Mwisho."

"Kaka, ofisi yako iko Asok. Wiki hii umeipita mara tatu. Kazini hawajakufukuza?"

"Wakinifukuza utanipa kazi?"

"Huwezi kazi yangu. Unaogopa maji."

Boti nzima ilicheka, naye akacheka. Kesho yake alikuja na kifurushi. Ndani kulikuwa na glavu za ngozi laini, kwa sababu kamba na bomba la paa vilikuwa vimenitoa malengelenge, na yeye alikuwa ameyaona. Nilizivaa palepale. Zilinikaa sawasawa.

"Umejuaje kipimo?"

"Miezi mitatu nautazama huo mkono unavyokata tiketi," akasema. "Nisijue kipimo chake?"

Hapo nilikwisha. Nawaambia ukweli, mwanamke anaweza kuambiwa ana macho mazuri akapita zake, lakini mtu anayetazama malengelenge yako huyo ni hatari.

Tukawa wapenzi. Mchana nikiwa na mapumziko anakimbia kutoka ofisini tunakula tambi za mchuzi pale gatini, amelegeza tai, mimi kofia imelala mezani. Sikuona haya, na nilidhani na yeye hana. Hapo ndipo nilipoteleza, na kosa langu nalikubali. Jumapili moja mama yake alipiga simu nikiwa nimekaa kando yake. Nikasikia anamuuliza huyo msichana anafanya kazi gani.

"Yuko kampuni ya usafiri, Mama," Rewat akasema. "Upande wa ukaguzi."

Alipokata simu nilimuuliza nimekuwa mkaguzi tangu lini. Akasema, si unakagua tiketi? Nikacheka. Nilicheka kabisa, nikamfinya, mambo yakaishia hapo. Kumbe mama yule naye aliihifadhi kazi hiyo kichwani, akawasimulia majirani, na kila simu akawa anauliza mkaguzi wetu hajambo. Kila alipouliza, Rewat alijibu hajambo.

*

Ijumaa ile mchana simu yangu ikaanza kuingiza meseji za Rewat nikiwa bado gatini, sijala.

"Nipha, nisamehe. Nilishtuka."

"Barabara imefungwa kwa mvua ya jana, Mama akasema tupande boti. Sikujua kama ni boti yako."

"Nilitaka nimwambie kesho, taratibu."

Nilikuwa nazisoma na hasira inaanza kupoa, nawaambia ukweli wangu. Mtu anashtuka, yanatokea. Halafu ikaingia ya nne.

"Ila kesho tukikutana usiseme habari za boti kwanza. Niachie mimi."

Niliisoma mara mbili. Nikamjibu: "Kesho mpeleke yule mkaguzi. Mimi simfahamu."

Simu ikalia papo hapo. Nikapokea.

"Nipha, usifanye hivyo. Mama amesafiri njia yote hiyo kwa ajili yako."

"Amesafiri kwa ajili ya mtu mwingine."

"Ni siku moja tu. Akishakuzoea nitamwambia."

"Unanionea aibu?"

"Siyo aibu."

"Basi ni nini? Kitaje."

Nyuma yake nilisikia mashine ya ofisini ikichapa makaratasi.

"Mama alinilea peke yake," akasema hatimaye. "Nyumba yetu ilikuwa kwenye maji, Nipha. Kila mafuriko tunapandisha vitu juu ya meza. Maisha yake yote alisema, mwanangu, soma utoke kwenye maji machafu. Sasa nimwambieje?"

"Kwa hiyo mimi ndiyo maji machafu."

"Sijasema hivyo."

"Kaka Rewat, sikiliza. Mimi si siri. Nasimama nje ya boti kila siku, jiji zima linaniona. Ni wewe peke yako uliyenivutia turubai."

Nikakata. Jioni alipanda boti akiwa peke yake, akakaa mstari wa tatu kama kawaida, uso umemvimba. Nilipofika kwake nilivua glavu, moja kisha ya pili, nikaziweka mapajani mwake pamoja na tiketi. Shangazi Lamyai, ambaye kila kitu kwake ni habari, aliacha kutafuna.

Mjomba Chalong alinisubiri mpaka tulipofunga boti. Ni mtu wa maneno machache, kazi yake ni kutazama mbele. Akaniuliza kama anihamishie upande wa kulia, nisiwe namkatia yule kijana tiketi.

"Upande wa kushoto ni wangu, Mjomba," nikamwambia. "Akitaka kuhama ahame yeye."

*

Jumamosi sikwenda.

Nilikuwa nimeshonesha blauzi mpya ya bluu kwa ajili ya siku hiyo. Saa sita mchana, saa ambayo Rewat na mama yake walikuwa wanakaa mezani, niliivaa. Nikakaanga yai, nikaliweka juu ya wali, nikala nimekaa sakafuni chumbani kwangu huku nalia mpaka pilipili ikanipalia. Nampenda yule mtu. Kiburi nilikuwa nacho na mapenzi nilikuwa nayo, na siku ile hayakukubali kukaa chumba kimoja.

Simu iliita mara sita. Sikupokea. Mwisho ukaja ujumbe: "Nimemwambia Mama unaumwa." Nikauzima mwanga wa simu na kumalizia wali wangu. Uongo wa pili, safari hii nimegeuzwa mgonjwa.

Jambo lililonikaa rohoni lilikuwa rahisi. Sikuwa nahitaji mama yule anipende. Nilihitaji Rewat atamke, mbele ya watu, mimi ni nani. Asipotamka, basi hata tukioana nitakuwa mkaguzi wa ofisini maisha yangu yote, nikirudi nyumbani na nywele zinazonuka mfereji nijifiche zikauke ndipo nimwamkie mkwe. Maisha hayo sikuyataka hata kidogo. Nikaiosha blauzi, nikaianika, nikalala mapema kwa sababu zamu yangu ya Jumapili ilikuwa ya alfajiri.

*

Jumatatu asubuhi, gati la Bang Kapi, boti imejaa mpaka ngazini. Na wao walikuwepo.

Mstari wa tatu, kushoto. Rewat pembeni, shati jeupe, mkono kwenye kamba. Kando yake mama, mkoba mapajani, begi la safari miguuni. Nyuma yao Shangazi Lamyai na magunia yake mawili. Baadaye nilikuja kujua kwamba Rewat alitaka kuita teksi, mama ndiye aliyesema anataka boti.

Nilianza kukata tiketi kuanzia mbele. Viganja vyangu vilikuwa vitupu na kamba ya ukingoni ilikuwa na unyevu, malengelenge ya zamani yakaanza kuuma. Mstari wa kwanza. Mstari wa pili. Nikafika wa tatu.

"Nauli."

Safari hii aliinua uso. Macho mekundu, ndevu hazijanyolewa. Akafungua mdomo.

"Nipha," akasema.

Ndipo injini ikasikika mbele. Boti ya kutoka mjini, tupu, inakimbia, na boti tupu ndiyo yenye mawimbi mabaya zaidi. Kila mtu wa mstari ule akageukia kamba.

"Kaka, kamba," mmoja akasema.

Mkono wake ukavuta wenyewe kwa mazoea. Turubai likaanza kupanda kati yetu, likapita kiunoni pangu, likapita kifuani, na kwa muda mfupi tulitazamana juu yake, mimi nje na yeye ndani kama Ijumaa. Niliona kwamba naye ameikumbuka Ijumaa ile. Plastiki ilipofika kidevuni pangu, akaiachia kamba.

"Vuta, wewe, vuta," Shangazi Lamyai akamhimiza.

Hakuvuta. Wimbi likaingia.

Mimi nililipata mgongoni, nimezoea. Yeye alilipata usoni, kifuani, kila mahali. Maji ya mfereji yakamtiririka kwenye tai, na jani la gugu maji likamganda begani. Mama yake alilowa kuanzia mabega kwenda chini. Mstari mzima ulilowa, na wa nyuma nao. Rewat akasimama katikati ya boti akichuruzika maji.

"Mama," akasema, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko injini. "Huyu ndiye Nipha."

Watu waliokuwa wanajifuta wakaacha kujifuta.

"Hakagui chochote. Hana ofisi. Ni kondakta wa boti hii, na hiyo kazi ya ukaguzi nilimtungia mimi, yeye hajui kudanganya. Jumamosi hakuwa anaumwa. Na Ijumaa hakukuwa na wimbi. Nilivuta kamba ili usimwone."

"Nampenda, Mama. Niliona aibu, na sasa naona aibu ya ile aibu."

Mwalimu Amphon alivua miwani. Akatafuta sehemu kavu ya nguo yake ya kuifutia, hakuipata, akairudisha usoni ikiwa na matone yake.

"Siku tatu naisubiri hiyo kauli, Rewat."

"Ulikuwa unajua?"

"Huyu binti aliniinamishia kichwa. Kondakta gani anamwinamia abiria asiyemjua, tena amening'inia juu ya maji? Halafu wewe ukavuta turubai. Nimefundisha watoto miaka thelathini na minne, mwanangu. Aliyeficha kitu namjua hata akinipa mgongo."

"Sasa kwa nini hukuniuliza?"

"Ningekuuliza ungejibu. Nilitaka useme."

Kisha akanigeukia mimi. Nikasimama wima kadiri mtu anavyoweza kusimama wima pale.

"Mwanangu, nilimwambia atoke kwenye maji machafu. Sikumwambia awadharau wanaotuvusha. Kama alinisikia vibaya, na mimi nina fungu langu. Lakini yeye simwombei msamaha. Huyo hapo, ameshalowa, aombe mwenyewe."

"Mama," nikamwambia, "siku ile nilitaka kukuamkia. Mkono haukuwa na nafasi."

"Niliuona. Na vidole niliviona."

Kutoka nyuma ikaja sauti ya Shangazi Lamyai, ameinua gunia linalodondosha maji. "Mapenzi ni mazuri, nimefurahi mno. Lakini hizi soksi nani atazivaa?"

Boti ikaangua kicheko, hata mama yake Rewat akacheka. Yeye peke yake hakucheka. Aliingiza mkono kwenye mfuko wa ndani wa begi lake la plastiki, ule ambao watu huwekea kompyuta isilowe, akatoa glavu zangu. Zilikuwa kavu kabisa. Simu yake ilikuwa mfukoni imeloana, lakini glavu alikuwa amezifunga.

"Nisamehe, Nipha," akasema.

Wanawake wenzangu mnaonisikiliza mtanielewa. Nilimtazama mpaka jani lile likamdondoka begani.

"Uongo wako wa mwisho ni upi?"

"Kwamba unaumwa."

"Hakuna mwingine?"

"Kazini nimesema nimechelewa kwa foleni ya magari. Kila siku, tangu nikufahamu."

Nikashindwa kuzuia cheko. Nikaachia bomba kwa mkono mmoja, nikaunyoosha ndani ya boti. Akanivisha glavu ya kwanza taratibu, kidole kimoja kimoja, akikwepa malengelenge. Nikabadilisha mkono. Alipokuwa anamalizia ya pili Mjomba Chalong akapiga honi ya daraja, paa likaanza kushuka, kila mtu akainama. Na sisi tukainama, mimi nje yeye ndani, na mkono wangu hakuuachia mpaka mwanga uliporudi.

"Asok," nikatangaza. "Wa Asok washuke. Na wewe kaka, leo shuka ofisini kwako, uwaambie ukweli na wao."

*

Tulioana mwezi wa kumi na mbili, mvua zilipokwisha na maji ya mfereji yalipotulia, nyumbani kwa mama yangu, ng'ambo ya gati la mwisho. Bwana harusi alikuja na msafara wake kama desturi ilivyo, ngoma mbele, migomba na miwa imebebwa nyuma, Mwalimu Amphon katikati kavaa hariri, akicheza kuliko wote. Mimi nilikuwa dirishani nachungulia, jambo ambalo bibi harusi haruhusiwi.

Kwetu bwana harusi haingii hivi hivi. Ndugu na marafiki wa bibi harusi humzuia njiani kwa mkufu au mshipi ulionyooshwa kama lango, atoe bahasha ndipo apite. Lango la kwanza lilishikwa na binamu zangu, akatoa bahasha, akapita. La pili vivyo hivyo. La tatu, mlangoni kabisa, lilishikwa na Shangazi Lamyai upande mmoja na Mjomba Chalong upande wa pili. Hawakushika mkufu. Walishika kamba ya turubai, ile ile ya mstari wa tatu kushoto, Mjomba alikuwa ameifungua asubuhi hiyo kutoka kwenye boti.

Rewat akanyoosha bahasha. Shangazi Lamyai akaukataa mkono.

"Hela nitapata kwa kuuza soksi," akasema. "Mimi nina swali. Kamba huvutwa lini?"

"Wimbi likija," Rewat akajibu.

"Na lisipokuwepo?"

"Huachwa, watu wapate hewa."

Wazee wakatikisa vichwa kuonyesha wameridhika. Lakini Shangazi hakuishusha. Akamsogelea, akamtazama machoni kama siku ile ya kwanza alipomhubiria mpaka Thong Lo.

"Na wimbi likija, mkeo yuko nje?"

Rewat hakufikiri.

"Nalowa," akasema.

Wakaishusha kamba, akaivuka, akaingia ndani.